Mwanamke wa Picha ya Mwisho

Tulipofungua sanduku la mama, siku chache baada ya kumzika, shangazi zangu walilia kwa sababu ya vitenge. Kila kitenge kilikuwa na kisa chake: hiki alikivaa siku ya ubatizo, kile baba alimletea kutoka Misisi alikofanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nilirudi nyuma na mkono puani. Harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, ilinipiga kama kofi. Walidhani uchungu umenizidi. Lakini mimi sikuwa tena mbele ya sanduku la mama. Nilikuwa nimesimama katika chumba cha matofali cha shule ya wasichana pale Baraka, joto la ziwa likiingia mlangoni, na mtawa wa Kizungu alikuwa anafungua sanduku la bati lililojaa Ulaya.

Ninyi mliosoma kwa watawa wakati wa Wabelgiji mnajua kwamba wasichana hatukufundishwa mengi. Kushona, katekisimu, kupiga pasi kola ya shati bila kuiunguza. Kwa hiyo sielewi mpaka leo ni nini kilichomfanya Masere wetu (ndivyo tulivyowaita watawa wote wa kike) atufundishe historia ya sanaa ya Ulaya. Hakuna aliyemtuma. Labda alikuwa mpweke. Labda alitaka kuziona picha zake mwenyewe na akahitaji kisingizio. Chuo kikuu nilikuja kulikuta somo lilelile likiwa na profesa, mitihani na maneno marefu. Sisi tulilipata Jumamosi, baada ya kufagia kanisa, tukiwa hatujajua hata Ulaya iko upande gani wa ziwa.

Picha zilikuwa zimebandikwa juu ya makaratasi magumu. Masere alizipanga kuanzia ya kale, akazitundika kwenye kamba mbele ya ubao kwa vibanio vya nguo, kama mtu anayeanika kufuli, zile nguo za ndani. Hakuna aliyethubutu kucheka. Naftalini ilijaa darasani hadi macho yakawasha.

Karibu zote zilikuwa za mama aliyebeba mtoto. Masere alikuwa amechagua hivyo makusudi, nadhani, ili tushike jambo moja na kuona linavyobadilika. Hakujua kwamba nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa kidonda.

Mama yangu alikuwa amejifungua mdogo wangu, Wilondja, msimu ule wa mvua. Kitovu cha mtoto kilikuwa bado hakijakauka vizuri pale mama alipoamka asubuhi moja uso wake ukiwa umepinda. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka wote, shavu, mdomo, kope, kama nguo iliyoteleza kwenye kibanio. Akinywa maji, yalimtoka pembeni. Jicho la upande ule halikufumba hata akilala, na mimi, mtoto, niliona hiyo ni akili nzuri: nilidhani analiacha wazi ili atulinde. Watu walisema amepigwa na upepo wa ziwa. Walimkanda kwa majani ya moto, wakampaka siagi ya ng'ombe iliyoshushwa kutoka milima ya Bibokoboko. Uso haukurudi.

Shida kubwa haikuwa uso. Shida ilikuwa Koko, mama mzazi wa baba, ambaye baba akiwa Misisi ndiye aliyeshika nyumba. Kwa Koko lilikuwa jambo lisilohitaji mjadala.

"Mutoto muchanga anachota uso," alisema, "kama vile batu banachota mayi. Ile anaangalia, ndiyo anaichota. Ukimuonesha kitu yenye kupinda, atapinda."

Kwa hiyo mama alimnyonyesha Wilondja akiwa amejifunika kitenge kichwa kizima. Hebu fikirini hilo. Mwanamke amekaa kwenye mkeka, titi nje, uso ndani ya kitambaa, na mtoto ananyonya akitazama maua ya kitenge. Akishiba, Koko anamchukua. Mama hakumbeba, hakumwimbia uso kwa uso. Na Koko alikuwa ameshatoa hukumu: kama uso haujarudi kufikia wakati pamba inapopakiwa, lori likipanda Fizi litapanda na mtoto. Huko Fizi shangazi yangu mmoja alikuwa ananyonyesha. Maziwa yangetosha wawili.

Nani aliwahi kumwona mtoto akichota uso? Nimeuliza swali hilo kwa wazee wengi tangu nikue. Kila mmoja amemsikia aliyemwona. Lakini wakati ule hakuna aliyeuliza, na pamba ilikuwa inaendelea kurundikana katika bohari la Mgiriki aliyeinunua.

Basi Jumamosi ile Masere alisimama mbele ya kamba yake. Picha ya kwanza: mwanamke mwenye sahani ya dhahabu nyuma ya kichwa, mtoto magotini.

"Huyu nani?"

"Maria, Masere!"

Ya pili, hakuna tena sahani, lakini kuna dirisha na mlima wa buluu kwa mbali. Masere alifurahi mpaka mashavu yakawa mekundu. Alituambia tutazame kivuli, tutazame mkono unavyozunguka mwili wa mtoto. Alisema hapo Ulaya ilizaliwa upya. Nilitazama na kuona mama mwingine na mtoto yuleyule. Ya tatu, mtoto yuleyule. Nikanyoosha mkono.

"Masere, huyu mutoto mbona hakomae? Mama yake anabadilisha nguo, anabadilisha nyumba, yeye iko tu pale."

"Jozefina," Anastazia akaniambia kutoka benchi la nyuma, "weye ulikomaa mbiombio, akili ikabakia kwa njia!"

Darasa likaangua kicheko. Masere hakucheka. Alieleza kwa uvumilivu kwamba hawa si mwanamke mmoja, kwamba baina ya picha na picha watu walizaliwa wakafa, na kwamba Maria mwenyewe hakuna aliyemchora akimwona. Wachoraji waliwaita wanawake wa jirani, mke wa muoka mikate, binti wa fundi, wakawakalisha kwenye kiti.

Nilishtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. "Kumbe tunapigia muke wa muoka mikate magoti?"

Nilimalizia somo nikiwa nimepiga magoti mimi, nyuma ya darasa, uso ukutani nusu na nusu kwenye kamba. Na kwa kuwa sikumwamini Masere, niliendelea kuamini nilichokiona: ni mwanamke mmoja, na wanatuficha habari zake. Kutoka pale chini nilifuata maisha yake. Aliacha dhahabu. Akaingia jikoni penye giza, mwanga ukipita kwenye dirisha dogo, akimchambua mtoto chawa. Nguo zikawa za kimaskini. Kisha akatoka juani, na hapo ngozi yake ikaanza kuwa na madoa, ya waridi, ya kijani, ya buluu, kama mtu anayetokwa na surua. Nikasema moyoni: anaugua. Huyu mama anaugua na hakuna anayesema.

Masere alikuwa anaanza kutoa vibanio. Ilibaki picha moja chini ya sanduku. Aliiinua, akaigeuza kwetu mara moja, upesi, kama mtu anayeonyesha jipu.

"Na hii ni ya siku hizi. Mimi siipendi."

Nilisimama bila ruhusa.

Mwanamke alikuwa amekaa karibu na meza, na uso wake ulikuwa umepinda. Jicho moja juu, jingine limeshuka shavuni. Mdomo umevutwa upande. Ulikuwa uso wa mama. Ulikuwa umepinda zaidi ya wa mama, lakini kwa njia ileile. Na mikononi mwake alikuwa na mtoto, na kichwani hakuwa na kitambaa.

Masere akairudisha naftalinini.

Sikusubiri sala ya kufunga. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamkuta mama anatwanga mihogo. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kuna mwanamke Ulaya, uso wake kama wako, wamemwachia mtoto wake, na hajifuniki.

Mchi ulibaki juu.

"Hajifuniki?"

"Hapana, mama. Uso iko wazi kabisa."

"Na mutoto iko anamuangalia?"

Nikasema ndiyo. Mtoto mwenyewe sikuwa nimemtazama. Lakini katika picha zote zilizotangulia mtoto alimtazama mama yake, basi kwa nini ya mwisho iwe tofauti? Nimeona tangu wakati huo watu wenye shahada wakifikiri hivyohivyo.

Mama aliweka mchi chini taratibu.  Aliinua sauti kuelekea kwenye kibaraza alikokaa Koko: "Mama! Mama, tuende ku misioni. Bazungu biko na muntu wa ugonjwa yangu."

Koko alikubali kwenda, nadhani kwa sababu ya neno Bazungu. Aliamini kwamba Wazungu ni wachawi wazuri kuliko wetu, na kwamba mchawi mzuri hana sababu ya kudanganya. Tulikwenda Jumapili baada ya misa: Koko mbele, Wilondja mgongoni kwake, mama nyuma akiwa amejifunika hadi nikawa namwongoza kwa mkono kama kipofu. Watu waliotoka kanisani walitupisha. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama tunapeleka maiti inayotembea. Koko akamjibu kwamba maiti ni mamako. Jumapili ile ile, mbele ya kanisa.

Masere alidhani tumekuja kuona picha kwa sababu ya uzuri wake. Alitufungulia darasa, akafungua sanduku, akaanza na ile ya dhahabu.

"Ya mwisho," mama akasema ndani ya kitambaa.

"Mama, ile si picha muzuri..."

"Ya mwisho, Masere."

Ikatundikwa peke yake kwenye kamba. Mama akajifunua uso ili aione. Masere hakuwahi kumwona. Aliweka mkono mdomoni, akatazama picha, akamtazama mama, akatazama picha tena. Sidhani kama katika masomo yake yote kuna aliyemwambia kwamba jambo hilo linaweza kumtokea.

Mama alisogea hadi karibu. Alitazama kwa muda mrefu. Jicho lake lisilofumba lilikuwa linatoa machozi, lakini lilitoa machozi siku zote, kwa hiyo sikujua kama analia.

"Alipona?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Huyu mwanamuke. Uso yake ilirudia? Balimupatia dawa gani?"

Masere akawa mwekundu hadi shingoni. Alitafuta maneno ya Kiswahili, akayakosa, akayatafuta tena. Alisema mwanamke yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzima. Mchoraji alitaka tu kuonyesha uso kwa mbele na kwa kando, yote kwa mara moja.

"Alikuwa muzima?"

"Ndiyo, mama. Muzima kabisa."

"Na yeye akamupinda hivi." Mama alimeza mate, akapangusa yaliyotoka pembeni. "Alimuuliza kwanza?"

 Mimi nikawaza: Kumbe kuna nchi ambako mtu mwenye uso mzuri anakaa kwenye kiti, na mwingine anamvunja uso kwa hiari yake, kisha wanauweka kwenye karatasi gumu na kuupa vidonge usiliwe na nondo. Na mama uso huo aliupata bure, na akafichwa.

"Acheni habari ya mwanamuke," Koko akasema ghafla. Alikuwa amesogea. Kidole chake kilichokauka kilikuwa kinatembea juu ya picha, na Masere, aliyetukataza hata kupumulia picha zake, hakumzuia. "Mutoto. Muone mutoto."

Tukamtazama mtoto.

Jicho lake moja lilikuwa kwenye shavu. Pua ilikuwa imegeukia upande mmoja na kidevu upande mwingine. Alikuwa amepinda kama mama yake, tena vibaya kuliko mama yake.

Nilisikia mama akivuta pumzi kama mtu aliyetumbukizwa ziwani. Mimi ndiye niliyekuwa nimesema ndiyo. Mimi ndiye niliyewaleta.

"Nilisema," Koko akasema, na hakusema kwa ushindi, alisema kwa hofu. "Sikusema? Mupaka Bazungu banajua. Alimuachia mutoto anamuangalia, ona sasa. Lori ikipanda kesho, Wilondja atapanda." Akakaza fundo la kitenge kifuani, mtoto akabanwa mgongoni, akaguna.

Masere alianza kusema kitu kuhusu umbo na pande. Hakuna aliyemsikiliza. Mama alikuwa bado anatazama. Alitazama mpaka pembe za picha, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Mama," akamwambia Koko. "Ile pale ku meza ni nini?"

"Mutungi."

"Iko namna gani?"

Koko akakunja macho. "Imepinda. Mudomo yake imeenda kwa kando."

"Sawa," mama akasema. "Na mutungi ilinyonya kwa nani?"

  Koko alirudisha kidole kwenye picha, akagusa mtungi, akagusa meza ambayo nayo ilikuwa imeinuka upande mmoja, akagusa dirisha. Alikuwa anatafuta hata kitu kimoja kilichonyooka.

"Mutungi haina damu," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Basi damu haikuipinda."

Ndipo mama akafanya jambo ambalo katika ukoo wetu sijawahi kusikia mwanamke mwingine amelifanya. Alinyoosha mkono, akafungua fundo la kitenge kifuani kwa mama mkwe wake, akamtoa mtoto mgongoni. Hakunyakua. Alifungua kama mtu anayefungua mzigo wake mwenyewe. Koko aliachwa mikono hewani. Mama akakaa kwenye benchi la wanafunzi, chini ya picha, akamwekea Wilondja titi, na hakujifunika.

Sote wanne, hata Masere, tuliinama kumtazama mtoto.

Alinyonya. Kisha macho yake yakapanda. Kwa mara ya kwanza tangu uso wa mama upinde hakukuta maua ya kitenge. Aliacha kunyonya. Alimkazia macho, jicho linalofumba na lisilofumba, shavu lililosimama na lililoanguka. Na hapo, taratibu, uso wake mdogo ukaanza kujikunja. Pua ikapanda, jicho moja likafumba, mdomo ukaenda upande.

Koko akapiga yowe lililowatoa watu waliobaki kanisani.

Wilondja akapiga chafya. Naftalini ilikuwa imemwingia puani. Akapiga ya pili, uso ukanyooka, akarudi kwenye titi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Masere alicheka kwanza, akashindwa kujizuia, mpaka akakaa chini. Koko hakucheka. Alijifunga kitenge chake kitupu, akasema, "Tutaona," akatoka. Kesho yake lori la pamba lilipanda Fizi bila mdogo wangu.

Ningependa kuishia hapo, mama akiwa ameshinda. Lakini nimesoma mpaka nikajifunza kuogopa hadithi zinazokubaliana na mimi. Koko aliukagua uso wa Wilondja kila asubuhi, akimgeuza kwenye mwanga kama anayechagua samaki, na uso ulibaki mzima. Ila alipoanza kucheka, alicheka kwa upande mmoja. Mashavu yote mawili yalikuwa na nguvu; alitumia la kushoto tu. Koko alimwita mama aone. "Nilisema," akasema. Mama aliangalia, naye akacheka, kwa upande uleule. Basi nani alikuwa sahihi? Nimelibeba swali hilo hadi chuo kikuu na sijalitua.

Huko chuoni profesa alituonyesha picha kwa mwanga wa mashine, kutoka dhahabu mpaka siku hizi. Alipofika kwenye nyuso zilizovunjwa alisema kwamba hapo ndipo sanaa ya Ulaya ilipojipatia uhuru. Niliuliza kama mwanamke aliyekaa kwenye kiti aliulizwa. Wenzangu waligeuka kunitazama. Profesa akasema swali hilo halihusu sanaa, akasonga kwenye picha nyingine.

Uso wa mama haukurudi kamwe. Hakuufunika tena, hata siku moja. Alizeeka nao, akauza nao ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni, na sisi tukausahau, kama mtu anavyosahau umbo la mlango wa kwao.

Siku ya kumzika, wanawake waliomwosha walitoka chumbani wakiwa na furaha ya ajabu. "Mungu ni muzuri," walisema. "Amemunyoosha. Kujeni muone." Tuliingia, mimi na Wilondja, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Walifunua shuka.

Uso ulikuwa umenyooka. Kifo kilikuwa kimelegeza na ule upande uliokuwa mzima, pande zote mbili zikalingana, macho yote mawili yamefumba, mdomo katikati. Alikuwa mwanamke mzuri, mwenye amani, kama wale wa kwanza kwenye kamba ya Masere. Sikumjua. Nilitafuta kitu cha kushika katika uso ule na mkono wangu ukateleza.

Wilondja alirudi nyuma hadi ukutani.

"Hapana," alisema. "Hapana. Nani amemupinda?"

Wanawake walitazamana. Naye akaanza kulia, kwa upande mmoja wa uso, wa kushoto, na katika chumba kile chote hapo tu ndipo mama alipokuwa amebaki.